Sauti ya Kijana na Sikio la Mwalimu: Filamu za Hali Halisi kwa Mtazamo wa Mosocho

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki umejikita kwa muda mrefu katika riwaya, tamthilia, ushairi na fasihi simulizi. Filamu ya hali halisi, yaani filamu inayoundwa kutokana na watu, mahali na matukio ya kweli, imeachiwa idara za mawasiliano na mashirika yasiyo ya kiserikali. Kwa sababu hiyo, filamu zinazoonyeshwa walimu katika semina na warsha ili wayafahamu matatizo ya vijana huteuliwa kwa kigezo kimoja tu, nacho ni mada. Filamu ikihusu ukeketaji, mimba za mapema au ukosefu wa karo, huhesabiwa kuwa inafaa. Ni nadra mtu kuuliza inasimuliwa vipi, nani anasema ndani yake, na mwalimu anayeitazama amewekwa mahali gani.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba suala la fani ndilo linaloamua iwapo filamu kama hiyo itamfaa mwalimu au la. Dai letu ni kwamba filamu ya hali halisi humsaidia mwalimu kumwelewa kijana pale inapomweka mwalimu huyo katika nafasi ya msikilizaji, na pale inapomfanya ajione kuwa yumo katika mazingira yanayomkabili kijana. Inapomweka katika nafasi ya hakimu au ya mfadhili, humthibitishia tu yale ambayo amekwisha kuyaamini.

Ili dai hili lisielee hewani, tutalitazama kwa macho ya mahali mahususi: Mosocho, katika nchi ya Wagusii, karibu na mji wa Kisii. Tumepachagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali ambapo mwalimu amepewa jukumu kubwa katika maisha ya vijana nje ya somo na mtihani. Mradi wa Fulda-Mosocho, ulioanza mwaka 2002 kwa ushirikiano na shirika la LebKom kutoka mji wa Fulda, Ujerumani, uliwalenga walimu kuwa nguzo ya juhudi za kukomesha ukeketaji. Pili, utamaduni wa Wagusii una kanuni maarufu ya heshima na haya, chinsoni, ambayo inalifanya suala la nani aseme na nani asikie kuwa gumu na la kuvutia kuliko linavyochukuliwa katika vitabu vya mafunzo ya ualimu. Filamu nne zitahakikiwa: The Day I Will Never Forget (2002) ya Kim Longinotto, A Small Act (2010) ya Jennifer Arnold, In the Name of Your Daughter (2018) ya Giselle Portenier, na In Search... (2018) ya Beryl Magoko.

Urithi wa filamu ya kufundishia

Filamu ya mafunzo katika eneo letu ina historia, na historia hiyo bado inazungumza ndani ya filamu za leo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi uliojulikana kwa jina la Bantu Educational Kinema Experiment uliweka makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham, mradi huo ulitengeneza filamu zipatazo 35 kuhusu kilimo, afya, uwekaji wa akiba na mambo kama hayo, ukazitembeza Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Sauti ilirekodiwa katika santuri kwa lugha mbalimbali, ikachezwa sambamba na picha. Baadaye William Sellers, aliyeongoza kitengo cha filamu cha serikali ya kikoloni ya Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1939, alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika alihitaji picha za polepole, hadithi nyepesi na kamera isiyofanya mzaha.

Kinachotuhusu hapa ni muundo wa usemi uliozaliwa katika mazingira hayo. Kuna sauti inayojua, kuna picha inayoithibitisha sauti hiyo, na kuna hadhira inayodhaniwa haijui. Anayeonekana kwenye picha hasemi, husemewa. Filamu nyingi za kampeni zinazopelekwa katika shule zetu bado zimejengwa juu ya muundo huu, ijapokuwa msimulizi siku hizi ni Mkenya na mada ni haki za mtoto. Msichana anaonekana akiteka maji. Sauti inatuambia ana miaka mingapi, amepatwa na nini, na sisi tufanye nini. Yeye mwenyewe huitwa baadaye kwa muda mfupi kuthibitisha yaliyokwisha kusemwa. Kwa lugha ya uhakiki, ni mhusika bapa ndani ya masimulizi ambayo maudhui yake yaliamuliwa kabla ya kamera kuwashwa.

Mwalimu aliyelelewa na elimu ya kukariri huustarehea muundo huu, kwa maana unafanana na darasa lake. Paulo Freire aliikosoa elimu inayomchukulia mwanafunzi kama chombo cha kuwekea akiba ya maarifa. Filamu ya kampeni humtendea mwalimu vivyo hivyo, naye akitoka semina huenda kumtendea mwanafunzi alivyotendewa. Kwa hiyo, hata ujumbe unapokuwa mwema, umbo lake hufundisha somo jingine: kwamba kijana ni mtu wa kuzungumziwa.

Chinsoni na tatizo la kusikia

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini mwalimu ahitaji filamu ili amsikie kijana ambaye yuko mbele yake kila siku? Jibu rahisi ni kwamba walimu wana kazi nyingi na madarasa makubwa. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi. Katika jamii ya Wagusii, kama walivyoeleza Robert na Barbara LeVine katika utafiti wao uliochapishwa miaka ya 1960, uhusiano kati ya kizazi cha wazazi na cha watoto unatawaliwa na chinsoni, kanuni za haya zinazomkataza mzazi na mtoto kuzungumzia mambo ya mwili na ya jinsia. Kati ya babu au nyanya na mjukuu kanuni hizo hulegezwa; hapo utani na mazungumzo ya wazi huruhusiwa. Neno lenyewe linatokana na ensoni, yaani haya au aibu, lakini si aibu ya mtu aliyekosa. Ni haya inayolinda heshima ya pande zote mbili.

Mwalimu wa Mosocho, hasa akiwa mzaliwa wa hapo, huhesabiwa katika kizazi cha wazazi. Anapoagizwa na wizara au na mradi azungumze na wanafunzi kuhusu ukeketaji, hedhi, mimba au unyanyasaji wa kingono, anaagizwa avunje kanuni inayomfanya aheshimike. Naye mwanafunzi anayeulizwa mambo hayo waziwazi hutoa jibu ambalo halitamvunjia mwalimu heshima. Ukimya unaofuata hutafsiriwa vibaya: mwalimu husema vijana wa siku hizi ni wasiri; mtaalamu wa kutoka nje husema jamii hii imefungika. Wote wawili wanakosa kutambua kwamba ukimya huo ni tamko la heshima.

Hapa ndipo filamu ya hali halisi inapopata nafasi ambayo hotuba haina. Kijana anayezungumza katika filamu si mwanafunzi wa mwalimu anayetazama. Hakuna mmoja kati yao aliye mbele ya mwenzake. Mwalimu anaweza kusikia neno ambalo chinsoni isingeliruhusu litamkwe ana kwa ana, na asivunjiwe heshima wala yeye asimvunjie mtoto heshima. Filamu huchukua, kwa muda, nafasi ya nyanya: mtu wa katikati ambaye kupitia kwake vizazi viwili vinavyokaribiana vinaweza kusikizana. Hata hivyo, nyanya husikiliza kabla ya kusema. Filamu inayoanza kwa sauti ya msimulizi mjuzi hurudi mara moja katika kiti cha mzazi, na faida yote hii hupotea.

Binti anapomwelekea mama

The Day I Will Never Forget ni mfano mzuri wa filamu inayosikiliza. Longinotto hatumii msimulizi. Kamera inakaa na watu na kuwaacha wamalize maneno yao, akiwemo Fardhosa, muuguzi anayefanya kazi miongoni mwa familia za Kisomali jijini Nairobi na kujadiliana na akina mama kwa subira isiyo na dharau. Sehemu inayobeba jina la filamu ni ile ambayo msichana mdogo wa Kisomali anamsomea mama yake shairi alilolitunga kuhusu siku aliyokeketwa, kisha anamwomba amwepushe mdogo wake.

Kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili, sehemu hii inagusa mahali pazito. Katika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858, mama anamwelekea binti yake na kumpa wosia wa namna ya kuishi. Mapokeo ya wosia yana mwelekeo mmoja: mkubwa anasema, mdogo anapokea. Methali zetu zinauimarisha mwelekeo huo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika filamu ya Longinotto mwelekeo umegeuzwa, bali adabu ya utanzu imehifadhiwa. Mtoto hamfokei mama wala hamshtaki mbele ya wageni. Anatumia shairi, chombo ambacho utamaduni wake unakienzi, ili aseme lisilosemeka. Shairi linafanya kazi ya chinsoni: linafunika na kufunua kwa wakati mmoja.

Mwalimu anayeitazama sehemu hii anapata zaidi ya taarifa kuhusu madhara ya ukeketaji, ambayo huenda aliyasoma zamani. Anaona kwamba mtoto ana uwezo wa kuchagua umbo la usemi linaloihifadhi heshima ya mkubwa, na kwamba wajibu wa mkubwa ni kulitambua umbo hilo anapokutana nalo. Katika shule zetu maumbo hayo yapo: insha, ngonjera, igizo la tamasha la drama, mchoro pembezoni mwa daftari. Mwalimu wa Kiswahili anayesahihisha insha kwa kutazama ngeli na viakifishi peke yake anaweza kuwa ameshika mkononi wosia wa mtoto kwa mkubwa asijue.

Kundi jingine katika filamu hiyo ni wasichana wa Bonde la Ufa wanaokwenda mahakamani kuwazuia wazazi wao wasiwakekete. Hapa lugha ya haya imebadilishwa na lugha ya sheria, na filamu haifichi gharama yake. Kuwashtaki wazazi ni kujitenga nao. Longinotto anaiacha gharama hiyo ionekane nyusoni bila kuitolea maelezo. Mtazamaji anayetarajia ushindi safi anabaki na ushindi wenye jeraha, na hilo ni funzo kwa mwalimu anayedhani kwamba kumwelekeza mtoto kwa chifu au polisi ndio mwisho wa kazi yake.

Ngoma, kisu na chumba safi

Licha ya ubora wake, filamu hii na nyingine za mada hiyo huleta tatizo zinapofika Mosocho. Katika picha tunazozizoea, ukeketaji una msimu, una ngoma, una nyembe na umati, na nyuma yake kuna ndoa inayosubiri. In the Name of Your Daughter inaonyesha hali ya namna hiyo katika mkoa wa Mara, Tanzania, ambako wasichana hutoroka usiku wakati wa msimu wa Desemba na kukimbilia nyumba salama ya Mugumu inayoongozwa na Rhobi Samwelly. Filamu hii ina sifa kubwa. Wasichana wanasema Kiswahili chao wenyewe, na swali linaloiendesha, iwapo watoto hawa wataweza kurudi nyumbani, halijibiwi kwa wepesi. Hadithi ya kutoroka na kufuatiliwa ina mvuto wa asili kwa kamera.

Lakini kwa Wagusii mambo yamechukua sura nyingine. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya ulionyesha kwamba kiwango cha ukeketaji miongoni mwa wanawake wa Kisii wenye umri wa miaka 15 hadi 49 kilikuwa takriban asilimia 96 mwaka 2008–09 na takriban asilimia 84 mwaka 2014, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 27 na 21. Tendo lenyewe limehamia kwa watoto wadogo, aghalabu kabla hawajafika umri wa kubalehe. Limeachana na ngoma na umati. Na mara nyingi hutekelezwa na mhudumu wa afya, kwa siri, ndani ya nyumba. Sheria ya mwaka 2011 inakataza tendo hilo hata likifanywa na mtaalamu wa tiba, na mwezi wa Machi 2021 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitupilia mbali kesi ya daktari aliyetaka wanawake wazima waruhusiwe kuchagua. Mtoto wa miaka minane katika chumba safi, mbele ya mtu aliyevaa glavu, hana mahali pa kutorokea, na tukio lake halina picha ya kuvutia.

Kutokana na hayo, filamu yenye ngoma na damu inaweza kumpa mwalimu wa Mosocho kisingizio. Anaweza kutazama, akasikitika kwa dhati, na kuondoka akisema: hao ni wenzetu wa kule, sisi tumeshastaarabika, kwetu hufanyika kwa dawa. Hisia zimeamshwa na fahamu imelala. Hii ndiyo sababu Brecht aliitilia shaka sanaa inayomzamisha mtazamaji katika huruma. Machozi yanaweza kuwa njia ya kufunga shauri. Uhakiki wa filamu hauna budi kuuliza si tu kile kilichoonyeshwa, bali pia kile ambacho picha zilizoonyeshwa zinatuzuia kukiona.

In Search... inatupa njia ya kutoka katika mtego huu. Beryl Magoko, Mkenya wa jamii ya Wakuria, alikuwa amekwisha kutengeneza The Cut (2012) kuhusu ukeketaji katika jamii yake. Katika filamu hii ya pili anaigeuza kamera kwake mwenyewe. Yeye ni mtu mzima aliyekeketwa utotoni, anayejiuliza iwapo afanyiwe upasuaji wa kurekebisha alichoondolewa, na anayewatafuta wanawake wengine ili aulize. Kisu hakina haja ya kuonyeshwa. Tukio lilipita miaka mingi, na filamu nzima ni mazungumzo, kusita, vicheko vya ghafla na ukimya. Uzito uko katika yale mazungumzo na mama, ambayo hayakuwahi kufanyika kwa miaka yote hiyo. Mtazamaji wa Mosocho anaijua hali hiyo bila kuelezwa. Na kwa kuwa Kikuria na Ekegusii ni lugha za ukoo mmoja, sikio lake litashika maneno kabla jicho halijafika kwenye tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Umbali wa "hao ni wenzetu wa kule" unafupishwa na lugha yenyewe.

Riwaya ina uhuru wa kuingia moyoni mwa mhusika. Kezilahabi katika Rosa Mistika (1971) anaweza kutueleza anachokiwaza Rosa huku baba yake akimpiga. Filamu ya hali halisi haina mlango huo. Inaona uso na kusikia sauti, basi. Ili isiwe ya juujuu inalazimika kutoa kitu kimoja ambacho riwaya hukipata kwa sentensi moja: muda. Magoko anampa mama muda wa kunyamaza. Mhariri wa filamu ya kampeni angeukata ukimya huo, kwa kuwa hauna taarifa. Kwa mwalimu, taarifa iko hapo hasa.

Mwalimu ndani ya fremu

Mpaka sasa tumemzungumzia mwalimu kama mtazamaji. Je, inapotokea kwamba shule yenyewe ndiyo inayotazamwa? A Small Act ni filamu inayopendwa na walimu, na si vigumu kuona sababu. Inasimulia jinsi Chris Mburu, aliyesomeshwa utotoni kwa msaada wa Hilde Back wa Uswidi, alivyokuja kuwa mwanasheria wa haki za binadamu na kuanzisha mfuko wa kuwasaidia watoto maskini wa kwao. Sambamba na hadithi hiyo tunawafuata wanafunzi wanaojiandaa kwa KCPE, mtihani uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Utengenezaji wake uligubikwa na vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na filamu ina ujasiri wa kuzihusisha na swali la elimu na chuki.

Hata hivyo, msuko wa filamu unategemea alama. Tunashikwa na hamu ya kujua nani atapita. Tatizo la kijana linawekwa nje ya shule, yaani umaskini, na suluhisho linatoka nje ya shule, yaani mfadhili. Mwalimu anabaki salama katikati, mtu mwema asiyeulizwa lolote. Haiulizwi kwa nini mlango wa maisha ya mtoto wa miaka kumi na minne ulikuwa mtihani mmoja, wala nini kilimpata yule aliyeshindwa baada ya kamera kuondoka. Kwa mtazamo wa itikadi, filamu hii inauthibitisha mfumo inaouhurumia.

Ilinganishwe na High School (1968) ya Frederick Wiseman, iliyopigwa katika shule moja ya Philadelphia, Marekani. Wiseman hasimulii wala hahoji. Anatazama tu walimu wakifundisha, wakionya na kuadhibu. Katika onyesho la mwisho mkuu wa shule anasoma barua ya mwanafunzi wa zamani aliye karibu kuingizwa vitani Vietnam, ambaye anajieleza kama mtu asiye na thamani kubwa. Mkuu anaisoma kama ushahidi kwamba shule imefaulu. Kinaya hiki ni kikali kuliko hoja yoyote. Mwalimu amesoma kila neno la kijana na hajasikia hata moja. Mwalimu wa Kenya anayelitazama onyesho hilo hawezi kujificha nyuma ya umbali wa nchi na miaka, kwa kuwa baraza la asubuhi analijua.

Umuhimu wa jambo hili nchini mwetu si wa kinadharia. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 za upili zilichomwa moto, na shule za nchi ya Wagusii zilikuwa miongoni mwao. Picha za televisheni zilituonyesha moshi, magodoro yaliyoungua na maofisa wakizungumza na waandishi wa habari. Wanafunzi walionekana kwa mbali wakibeba masanduku yao kurudi nyumbani. Elizabeth Cooper, katika kitabu chake Burning Ambition (2022), anaonyesha kwamba wanafunzi waliichukulia moto kama njia iliyothibitika ya kuwafanya wakubwa wasikie. Hatusemi kwamba moto ni hoja halali. Tunasema kwamba picha za habari, kwa kumwonyesha kijana bila kumsikiliza, zilikuwa sehemu ya ukiziwi uleule. Na wavulana kwa jumla wamesahaulika katika filamu za mafunzo. Mvulana wa Kigusii hupashwa tohara akiwa mdogo, naye huambiwa kwamba amekuwa mwanamume kabla hajamaliza shule ya msingi. Kisha hurudi darasani kuadhibiwa kama mtoto. Mgongano huo unastahili kamera yenye subira.

Uso wa mtoto katika kijiji kidogo

Kuna suala la maadili ambalo uhakiki hauwezi kulipita. Longinotto anaiacha kamera iwe chumbani wakati watoto wanakeketwa, na watazamaji wamegawanyika kuhusu uamuzi huo. Wapo wanaosema bila onyesho hilo dunia isingeamini. Wapo wanaouliza mtoto aliridhia lini kilio chake kionyeshwe. Katika mji mkubwa swali hilo linaweza kubaki la kifalsafa. Katika Mosocho, ambako jina la ukoo na njia ya kwenda nyumbani kwa mtu vinajulikana na kila mmoja, uso wa mtoto katika filamu ni uso wa binti wa fulani. Mtoto akisema katika filamu kwamba alikeketwa, amemtaja mama yake, muuguzi na shangazi. Akisema alitungwa mimba, kijiji kitamaliza sentensi kwa niaba yake. Filamu iliyokusudiwa kumfungulia mlango itakuwa imemfungia.

Ndiyo maana tunaona kwamba filamu ya mahali pengine, ikichaguliwa kwa makini, inaweza kumfaa mwalimu wa Mosocho kuliko filamu ya Mosocho yenyewe. Umbali huo unamlinda mtoto wa hapa, na ndio uleule unaoruhusu chinsoni kubaki imara wakati maneno yanapita. Kazi ya kuufupisha umbali huo si ya kamera. Ni ya mjadala unaofuata. Nao wanafunzi wasiachwe nje ya utengenezaji. Tamasha la kitaifa la drama na filamu la shule na vyuo limewapa nafasi ya kutunga filamu zao, na ndani ya utunzi wa kubuni kijana anaweza kusema ukweli bila kumtaja mtu, kama yule msichana alivyofanya kwa shairi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba filamu ya hali halisi ni matini inayohitaji kusomwa, na kwamba usomaji wake una matokeo katika maisha ya watoto. Maswali matatu yanaweza kumwongoza anayechagua filamu kwa ajili ya walimu. Nani anasema, na anapewa muda gani wa kusema na kunyamaza? Picha zenye nguvu zinaficha nini kuhusu mahali ambapo filamu inatazamwa? Mwalimu anayeitazama ameachiwa nafasi gani: hakimu, mfadhili, au msikilizaji?

Kwa mujibu wa maswali hayo, In Search... ndiyo tunayoiona kuwa ya kufaa zaidi kwa Mosocho, ikifuatwa na sehemu ya shairi katika filamu ya Longinotto. Filamu ya Portenier inahitaji mjadala unaokitaja waziwazi chumba safi ambacho haikionyeshi, na A Small Act isionyeshwe bila swali la yule aliyeshindwa mtihani. Vilevile tungependekeza kwamba mwalimu asimalize semina kwa kuandika maazimio. Apewe lundo la insha za darasa lake mwenyewe azisome upya, kalamu nyekundu ikiwa imewekwa kando. Filamu itakuwa imefaulu ikiwa ataona katika lundo hilo jambo ambalo mwezi uliopita alilipita.

Idara za fasihi zina wajibu hapa. Zinao wataalamu wa usimulizi, wa kinaya na wa ukimya katika matini, na kwa miaka mingi zimeuweka utaalamu huo kwa ajili ya vitabu peke yake. Wakati huohuo walimu wa shule za msingi wanaonyeshwa filamu zilizochaguliwa na watu wasiowahi kuuliza nani anasema. Ushirikiano kati ya idara hizo na vyuo vya ualimu hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji kukubali kwamba kumsikiliza mtoto ni ujuzi wa usomaji, na kwamba unaweza kufundishwa.